Asubuhi Tisini za Mgeni

Wewe ukiamkiwa na mgeni mlangoni, jua halijapanda, akakuuliza habari za nyumbani, na nyumbani mmelala bila kula, unamjibu nini? Unamjibu nzuri. Kisha unamtolea kigoda, unamwuliza ya kwao, mnanyamaza kidogo, na baada ya hapo ndipo unasema: ila. Sisi wa Chilumba tumelelewa hivyo, na mpaka leo sijui kama kuna kosa ndani yake. Nitaeleza tu ilivyokuwa.

Mgeni alifika kwetu mwezi wa pili, siku ya Jumatano. Alikuja kwa malori matatu ya halmashauri, vipande mia sita na kumi na viwili, kila nyumba kipande chake. Kilikuwa kijiti cha chuma cheusi, urefu wake kama mchi wa kutwangia uwele. Kichwani kilikuwa na kioo cha kunywea jua, na chini ya kioo matundu saba ya kusemea na kusikilizia. Mafundi walikichimbia nje ya mlango, upande wa kulia unapotoka. Jina lake la serikalini lilikuwa Mratibu wa Pamoja. Lakini Diwani wetu, Bwana Hezroni Malogo, alituambia mkutanoni, "Mpokeeni kama mnavyopokea mgeni," tukampokea hivyo, na jina likaganda.

Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi alisema kwa sauti ya mwanamke wa makamo, "Habari za asubuhi. Habari za maji?" Unajibu. "Habari za njia?" Unajibu. Halafu afya, halafu shule, halafu chakula. Matano tu. Akimaliza alisema asante, akanyamaza mpaka kesho yake. Siku tisini.

Nyumbani kwetu aliyekuwa akimjibu ni mkwe wangu Dorika, mke wa mwanangu Meshaki, maana saa ile ndiyo alikuwa anarudi na maji. Meshaki mwenyewe alikuwa kazini kwenye kiwanda cha magadi, anakuja mara mbili kwa mwaka. Dorika alitoka jogoo la kwanza kwenda kijito cha Nhumbi, ambako maji yako chini ya mchanga. Unafukua shimo la kimo cha mtu, unaingia, unakaa unangoja yajikusanye, unateka kwa kopo la maziwa ya unga. Ndoo moja yaweza kula saa nzima. Alikuwa anafika mlangoni na ndoo kichwani, ngata imelowa, shingo imekakamaa, na Mgeni anamwuliza, "Habari za maji?"

"Nzuri," Dorika alijibu.

Hakuwa anadanganya. Alikuwa anaitikia salamu.

*

Niseme kwa nini Mgeni aliletwa. Zamani halmashauri zetu tatu, yaani Mvulo ambayo ni yetu, Iyoli iliyo ng'ambo ya korongo, na Ng'alo kule juu mlimani, kila moja ilipanga mambo yake. Mvulo walijenga barabara ya lami ikafika kwenye jiwe la mpaka ikaishia kwenye nyasi, kwa sababu Ng'alo mwaka ule walikuwa wanajenga soko. Bomba la inchi nne likakutana na bomba la inchi mbili, likapasuka siku ya ufunguzi, likamlowesha mkuu wa wilaya. Madiwani waligombana mpaka wakawa hawasalimiani misibani. Ndipo fedha zote za miradi zikatiwa kwenye kapu moja, na kapu likakabidhiwa kitu kisicho na shemeji wala chama. Kisikilize watu wote, kipime nani ana shida kuliko mwenzake, kipange kazi za miaka minne.

Kilinyimwa macho. Watu walikataa kutazamwa kutoka angani, sheria ikapita. Mgeni aliruhusiwa kusikia tu.

Na ili kisije kikajiamulia, kila kata ilitoa shahidi mmoja, kwa kura ya vijiti. Sharti lilikuwa ajue kusoma na awe hajawahi kushika cheo. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, na cheo sijawahi kupewa hata cha kugawa nyama. Kijiti kirefu kikaniangukia.

Mwezi wa tano, siku tisini zilipokwisha, Afisa Mipango wa Mvulo alikuja kunionyesha karatasi ya kata yetu kabla ya kikao. Jina lake Lameki, kijana mpole, shati limepigwa pasi mpaka mikono.

"Shikamoo, Mama Meshaki."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Mvulo?"

"Nzuri, Mama."

"Na za nyumbani kwako?"

"Nzuri kabisa."

Dorika alimletea chai na viazi vitamu. Alikunywa, akasifu viazi, akaniuliza mbuzi wangu wamezaa wangapi. Nikamwambia wanne, mmoja hana sikio. Akanyamaza akitazama kikombe.

"Ila mke wangu amelazwa," alisema. "Wiki ya pili sasa. Mapafu."

"Pole sana, mwanangu. Mungu amsimamie."

"Ameanza kula kidogo."

Tulizungumza habari za mkewe muda mrefu. Baadaye akatoa karatasi, nikavaa miwani, nikasoma taratibu kwa kidole. Kata ya Chilumba. Maji: hali njema, tisini na sita kwa mia. Njia: hali njema. Afya: hali njema. Nikarudia mstari wa kwanza.

"Lameki, hii ni kata gani?"

"Yenu, Mama."

"Hapa pameandikwa tuna maji."

"Ndivyo mlivyosema. Siku tisini, nyumba mia sita na kumi na mbili. Mimi mwenyewe nilishangaa, lakini sina ruhusa ya kugusa."

"Nilipokuuliza habari za nyumbani kwako ulinijibu nini?"

Aliweka kikombe chini, akakizungusha mpaka mkono wa kikombe ukaelekea ukutani.

"Basi na sisi ni hivyo," nikamwambia. "Mgeni alisikia nzuri akaondoka. Hakungoja tufike kwenye ila."

Akavua miwani yake akaifuta kwa ncha ya shati, na ile pasi yote ikaharibika.

Alinieleza, kwa utaratibu, kama mtu anayeeleza dawa. Watu wa Iyoli ni watu wa machimbo, wametoka kila pembe, ukimwuliza mmoja wao habari anakupa shida zake zote kabla hujamaliza swali. Wao walisema daraja, siku tisini. Hivyo mzigo mkubwa wa kapu ulikwenda kwenye daraja la Korongo la Mseke, linalotutenga sisi na wao. Kikaoni kila shahidi ataulizwa neno moja. Akisema "ndivyo", mpango unafungwa, daraja linaanza mwezi wa sita. Akisema "sivyo", hata awe mmoja, kapu linafunguliwa, Mgeni anarudi kusikiliza upya siku tisini.

"Na daraja?"

"Nguzo zinahitaji miezi sita ya ukavu. Kingo za korongo zikilowa zinaporomoka. Tukianza kusikiliza upya, mwaka huu umekwenda. Na mwakani huenda likawa la kwanza, huenda likawa la tatu. Sijui."

"Na nikisema ndivyo, maji yetu?"

"Mpango ujao. Miaka minne."

Korongo la Mseke nalijua lilivyozaliwa. Lilikuwa mfereji wa kuruka kwa hatua moja. Mwaka ule wa mvua kubwa lilikatika kwa siku tisa, likala mashamba, makaburi na zahanati, na lilipotulia lilikuwa na kina cha minazi miwili. Dorika aliolewa kwetu kabla ya hapo. Wakati ule kutoka kwao Iyoli mpaka hapa ulikuwa mwendo wa dakika arobaini. Alikuja arusini kwa miguu, anaimbiwa njia nzima. Sasa ni siku mbili kwa kuzungukia Ng'alo, na ana watoto watatu. Mama yake bado yuko kule peke yake, miguu imevimba, ina vidonda. Walizungumza kwa simu kila Jumapili baada ya ibada. Dorika alikuwa anakaa na simu pembeni ya ghala, na nilimsikia akiuliza habari za miguu, na sauti ya upande wa pili ikijibu nzuri.

*

Kesho yake nikaenda Nhumbi mwenyewe, nikaone tena kwa macho nisije nikasema la kusikia. Nilikuta wanawake kumi na saba na mashimo sita. Yudithi, jirani yangu, alikuwa amekaa juu ya ndoo amenyoosha miguu.

"Shahidi huyo amekuja kutukagua," alisema. "Mama Meshaki, siku hizi unatembea kama una gari la serikali."

"Gari lenyewe ni haya magoti. Sogea nikae."

"Tumesikia tuna maji tisini na sita kwa mia," alisema Penina, mke wa mchungaji. "Hayo manne tuliyokosa ndiyo tunayoyachimba hapa?"

Walicheka, hata mimi. Nikawauliza mmoja mmoja, "Wewe ulimjibu nini?" Nzuri. Nzuri. Nzuri. Yudithi alikuwa amesema nzuri sana, kwa sababu siku hiyo alikuwa na furaha, mwanawe alifaulu mtihani.

"Ungemwambia nini, saa kumi na mbili asubuhi, hata uso hujanawa?" akasema. "Mgeni hajakaa umwanzie shida? Angetuonaje?"

"Kaseme sivyo," alisema Penina.

"Na wale wa ng'ambo?" nikauliza. "Wanasubiri daraja lao."

"Wa ng'ambo wana midomo. Watasema tena."

Dorika alikuwa ndani ya shimo la tatu. Nilimwona kichwa tu, na mkono ukipandisha kopo. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Alisimamisha kopo hewani.

"Mama," aliita kutoka chini. "Hilo daraja..."

"Usihofu, mwanangu," nikamwambia. "Wewe teka maji. Mimi nitakusemea."

Alimimina kopo kwenye ndoo, akainama tena.

*

Kikao kilikuwa ukumbi wa halmashauri, Mvulo, saa nne asubuhi. Mashahidi tulikuwa thelathini na mmoja, tumepangwa kwa namba, kila mmoja na chupa ya maji ya kunywa mbele yake. Chupa yangu niliitia kwenye mkoba nikawapelekee wajukuu. Madiwani walikaa nyuma, hawaruhusiwi kusema. Mbele alisimama Mgeni, kijiti kilekile, ila hiki kilikuwa kirefu kufika darini.

Kushoto kwangu alikaa shahidi wa kata moja ya Iyoli, Bwana Zefania, mzee wa machimboni, mkono wa kulia hauna vidole viwili. Tulisalimiana. Aliniuliza habari za Chilumba, nikasema nzuri, akanitazama.

"Kweli?" akauliza.

"Hapana," nikasema. "Tunachimba mchanga."

Akatikisa kichwa taratibu. Alishajua. Habari ilikwisha vuka korongo.

"Sisi mwaka jana tumezika wanne mle korongoni, Mama. Wa mwisho alikuwa anabebwa kwenda kujifungua, na ukingo ukaondoka na waliombeba. Sikuombi kitu. Nakuarifu tu."

Nilimwambia pole. Nilikuwa nawajua wawili kati ya hao wanne.

Kata zilikuwa zinaitwa. Ndivyo. Ndivyo. Ndivyo. Shahidi wa kumi na tisa alikuwa amelala, akaguswa bega, akasema ndivyo. Ikaja zamu yetu.

"Kata ya Chilumba," alisema Mgeni kwa sauti ileile ya mlangoni. "Maji, hali njema. Njia, hali njema. Afya, hali njema. Shule, hali njema. Chakula, hali njema. Ndivyo au sivyo?"

Nikasimama. "Nikuulize kwanza."

"Uliza."

"Mkwe wangu alipokujibu nzuri, mbona hukungoja?"

"Nilingoja sekunde nne. Nimepangiwa nne ili nisichoshe watu."

"Kwetu nne hazitoshi hata kutua ndoo."

Baadhi ya watu walicheka. Mgeni akauliza, "Ningengoja kiasi gani?"

"Mpaka mtu akae. Umwache anyamaze, na wewe unyamaze."

"Nimeandika. Kusikiliza kukirudiwa, nitafanya hivyo. Leo siwezi kutumia maelezo hayo. Leo napokea ndivyo au sivyo. Unasema kwa niaba ya nani?"

"Ya kata yangu. Na ya huyo mkwe wangu."

"Amekutuma?"

"Hana haja ya kunituma. Tunaishi nyumba moja."

"Nimepokea."

Nilitazama karatasi. Nilikuwa nimeapishwa mlangoni, nimeshika kitabu, kwamba nitasema lililo kweli juu ya kata yangu na si jingine. Kule kuapa hakukutaja korongo. Nilijua kwamba nikisema uongo, neno moja tu, daraja litajengwa, na wanaobebwa kwenda kujifungua watafika. Nikisema kweli, mwaka mmoja wa watu kushuka korongoni kwa kamba unaongezeka, na mimi nitakuwa nimeuongeza. Nilijua pia mashimo sita na wanawake kumi na saba, na miaka minne ya jogoo la kwanza. Niliyaweka yote mawili mbele yangu na hakuna lililokuwa jepesi. Niliona kwamba niliulizwa jambo moja tu, kama yaliyoandikwa ndivyo yalivyo.

"Sivyo," nikasema.

"Kapu limefunguliwa," alisema Mgeni. "Asanteni kwa kuja." Sauti haikubadilika hata kidogo.

Watu walikusanya karatasi zao. Nyuma, Diwani Malogo alikuwa anatazama viatu vyake, na Lameki alifunga daftari akalifungia mpira. Bwana Zefania alivaa kofia yake kwa ule mkono wenye vidole vitatu, akaiweka sawa, akasimama.

"Hujasema uongo, Mama," aliniambia. "Nitakwenda kuwaeleza hivyo."

"Watakuelewa?"

"Wengine."

*

Lori la halmashauri lilinishusha njia panda saa tisa na nusu mchana. Dorika alikuwa uani, ungo mapajani, anapepeta uwele. Alipiga goti, akanipokea mkoba, akaniletea maji kwenye kikombe cha bati, akasema pole na safari. Nikakaa kwenye kigoda. Maji yalikuwa na mchanga chini, nikayanywa mpaka karibu na mchanga.

"Nimesema sivyo," nikamwambia. "Watarudi kusikiliza siku tisini, na safari hii Mgeni atangoja watu wakae. Mara hii tutaandikwa vizuri. Bomba litafika hapa, mlangoni, Mungu akipenda."

"Asante, Mama."

"Umepumzika na Nhumbi. Si leo wala kesho, lakini umepumzika."

"Asante."

Akaendelea kupepeta. Pumba ziliruka upande wa ghala, kuku wakazikimbilia. Alikuwa anapepeta vizuri siku zote, mkono mwepesi, lakini nilimwona anarudia uwele uleule ambao ulikwisha kuwa safi, unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi.

Miaka kumi na miwili nilikuwa nimekula chakula cha mikono yake. Nilijua anapenda mlenda usio na chumvi nyingi, na kwamba jino lake la nyuma linamsumbua kukiwa na baridi. Nikajaribu kukumbuka siku niliyomwuliza kitu kisha nikakaa kimya, nisimjibie. Sikuipata.

"Dorika," nikasema. "Wewe ulikuwa unataka nini?"

"Vyote ni vizuri, Mama. Ulivyoamua ni vizuri."

Sikusema neno. Niliweka kikombe chini. Kuku mmoja alipanda kwenye kinu, akashuka. Mtoto wake wa mwisho alikuja akamwegemea mgongoni, akaondoka. Jua lilisogea likafika kwenye vidole vya miguu yangu, nami sikuondoa miguu. Dorika aliacha kupepeta, akasawazisha uwele kwa kiganja mpaka ukawa tambarare, akaendelea kuutazama.

"Nilitaka daraja, Mama," alisema. "Maji nayateka. Nilitaka nivuke nikamwoshe mama yangu miguu, nirudi jioni."